Treni ya Moshi Haianzii Tanga

Ndugu msomaji, kila mwaka unapokaribia kwisha, katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa Dar es Salaam huzuka mazungumzo yale yale. Nani ataondoka kwenda nyumbani, lini, na kwa chombo gani? Mama huhesabu watoto, baba huhesabu nauli, na bibi, aliyekuja kwa matibabu mwezi wa Agosti akabaki, huuliza kama kuku aliopewa zawadi wataruhusiwa kusafiri naye. Kwa wenyeji wa Kilimanjaro, Upare na Usambara, jibu la swali la chombo lilikuwa moja tu kwa muda wa kama robo karne: basi. Lakini Desemba 2019 treni ya abiria ilianza tena kwenda Moshi, na Oktoba 2020 ikafika Arusha, na hivyo neno la pili likarudi mezani. Limerudi na ubishi wake, kwa sababu kila familia ina mtu mmoja asemaye kwamba treni ni ya watu wasio na haraka.

Sikusudii kuwaamulia wenye nyumba namna ya kusafiri. Ninachotaka ni kwamba, kabla ya kubishana juu ya saa na shilingi, tuitazame njia yenyewe. Wengi wetu twaipanda treni kama tupandavyo daladala: twajua tuendako, wala hatuulizi kwa nini chombo kimepita huku na si kule. Njia ya daladala yaweza kuhamishwa kwa tangazo la asubuhi moja. Njia ya reli huhamishwa mara chache, kwa gharama kubwa na kwa jasho la watu wengi, na ikishahama huhama na mambo mengine mengi: soko, kazi, ndoa, na hata miji.

Chukua ramani ya nchi yetu, hata ile iliyomo katika kitabu cha jiografia cha mtoto yatosha. Treni iendayo Moshi hutoka Dar es Salaam kuelekea magharibi, juu ya Reli ya Kati, mpaka Ruvu. Hapo reli hugawanyika. Moja huendelea Morogoro na bara. Nyingine hupinda kaskazini, ikapita porini upande wa magharibi wa Saadani, ikavuka mto Wami, kisha mto Pangani, hata ikafika karibu na Mnyusi na kukutana na reli itokayo Tanga. Hapo treni hugeuka kushoto. Haiendi Tanga. Huelekea Korogwe, ikafuata chini ya milima ya Usambara hadi Mombo, kisha chini ya milima ya Upare hadi Same, halafu Kahe, halafu Moshi.

Sasa mtoto mwenye macho makali atakuuliza maswali mawili. La kwanza: barabara kuu yapita Chalinze na Segera, reli ilifuata nini kule porini? La pili: watu wazima huiita hii reli ya Tanga, mbona Tanga yenyewe hatuioni? Maswali yote mawili ni ya haki, na majibu yake yanatupeleka nyuma zaidi ya miaka mia moja na thelathini.

Mwaka 1893 Wajerumani walianza kutandika reli kutoka bandari ya Tanga. Hawakuwa na habari na Dar es Salaam, wala hawakuwa na nia ya kumpeleka mtu yeyote nyumbani kwa sikukuu. Walikuwa wamepanda kahawa katika milima ya Usambara, nao walitaka kuishusha mpaka melini. Kampuni iliyopewa kazi hiyo ilifika Muheza mwaka 1896, umbali wa kilomita arobaini hivi, ikaishiwa na fedha. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua reli. Ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Miaka kumi na minane kwa kilomita 352! Na kwa wakati huo ile kahawa ya Usambara iliyokuwa sababu ya yote ilikuwa imekwisha kuwavunja moyo wenyewe. Kilichoiokoa reli ni mkonge. Mwaka uo huo wa 1893 mtaalamu mmoja wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62. Katika miche hiyo sitini na miwili yakatoka mashamba yaliyoifuata reli kutoka Muheza mpaka Korogwe na kuendelea, mstari kwa mstari, kana kwamba reli ilikuwa ikipanda mkonge kila ilipopita.

Huko mwisho wa njia lilitokea jambo ambalo wakazi wengi wa Moshi mjini hawalifikirii wanapokwenda sokoni. Moshi ya kwanza haikuwa pale ilipo leo. Ilikuwa juu mlimani, katika himaya ya Mangi Rindi aliyefariki mwaka 1891, na baada yake Mangi Meli, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1900. Boma la Wajerumani lilijengwa huko huko juu. Lakini reli haipandi mlima kama mbuzi. Ilisimama tambarare, na stesheni ikajengwa tambarare. Basi mji ukashuka. Maduka yakashuka, ofisi zikashuka, na mahali pa zamani pakabaki na jina la Old Moshi, ambalo panaitwa hivyo hadi hivi leo. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba gari la moshi lilikwenda Moshi ana haki nusu tu, kwani kwa kiasi fulani Moshi ndiyo iliyolifuata gari. (Na kwa wale watoto waulizao kama mji ulipewa jina kwa sababu ya moshi wa gari, waambieni hapana. Rindi alikuwa Mangi wa Moshi wakati chuma cha kwanza cha reli hakijashushwa Tanga.)

Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa na reli yake. Ilianzwa mwaka 1905, na ilifika Kigoma mwaka 1914. Lakini reli hizi mbili hazikugusana popote. Nchi ilikuwa kama nyumba yenye milango miwili ya mbele na isiyo na ukumbi wa kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Aliyetaka kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi kwa treni ilimpasa kwanza apande meli mpaka Tanga. Hili halikuwa kosa la fundi. Wenye reli walitaka mali iende pwani, na kila reli ilitimiza hilo kwa upande wake. Watu wa ndani kukutana wao kwa wao halikuwa shauri lao.

Ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza walipoishambulia Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914, Wajerumani waliwaleta askari wao mbio kutoka upande wa Moshi kwa reli hii hii, na Waingereza wakashindwa vibaya na kurudi melini. Walipojiandaa upya, Waingereza hawakutegemea tena pwani. Walianza kutandika reli ya kijeshi kutoka Voi, katika Reli ya Uganda, ikapita Taveta, na mwaka 1916 ikaunganishwa na reli ya Moshi hapo Kahe. Ilikuwa reli ya haraka, ya kubebea mizinga na maji na majeruhi. Vita vilipokwisha mtu angedhani itang'olewa. Haikung'olewa. Katika miaka ya 1920 ikawa reli ya kawaida ya abiria na mizigo, na papo hapo Moshi ikageuza uso.

Naomba tukae kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo panapoonekana nguvu ya njia. Kahawa ya Kilimanjaro, ambayo kwa jiografia na kwa reli ya asili ilikuwa ya Tanga, ikaanza kushukia Mombasa. Wafanyabiashara wa Tanga walilalamika kwa miaka mingi kwamba bandari yao inanyang'anywa mzigo wake. Na watu nao waliifuata kahawa. Kijana wa Marangu au Kibosho aliyetaka kazi ya mshahara, treni ilimpeleka Voi, na kutoka Voi alikuwa na hiari ya Mombasa au Nairobi. Dar es Salaam, mji mkuu wa nchi yake, haikuwa na treni ya kumfikisha. Mimi naamini, ingawa sikupata kuiona hesabu yake, kwamba wengi wetu wenye shangazi na wajomba Mombasa au Nairobi twapaswa kuishukuru, au kuilaumu, ile njia panda ya Kahe. Mwaka 1929 reli ikasogea mpaka Arusha, na Arusha nayo ikawa na milango hiyo hiyo miwili, wa Tanga na wa Mombasa.

Mwaka 1948 reli zote za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja, Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Shirika likawa moja, kofia za makondakta zikawa za namna moja, lakini reli ya Tanga na Reli ya Kati zikabaki mbalimbali kama zamani. Adha ya jambo hili waliijua sana manamba. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalihitaji watu, na watu walikuwa Kigoma, na Songea, na Rundi. Mtu wa Kigoma alipanda treni kwao, akasafiri siku kadhaa, kisha ilimbidi ashuke na kupakiwa lori kufuata barabara za vumbi hadi mkongeni, kwa sababu tu hapakuwa na chuma kati ya Reli ya Kati na Korogwe.

Chuma hicho kiliwekwa mwaka 1963, mwaka wa pili baada ya Uhuru. Ni kipande cha karibu kilomita 190, kutoka Ruvu mpaka hapo karibu na Mnyusi. Ndicho kipande kile kinachopita porini na kuvuka Wami na Pangani. Sasa swali la kwanza la mtoto lina jibu. Waliotafuta mahali pa kuunganishia hawakuitazama barabara. Walitazama wapi reli mbili zilizokwisha kujengwa na wakoloni zimekaribiana kwa ardhi iliyo nyepesi. Na swali la pili nalo lina jibu lake. Ilipopatikana njia ya kukata kutoka Ruvu, treni ya Dar es Salaam kwenda Moshi haikuwa na sababu ya kuingia Tanga. Mji ulioizaa reli ukawa tawi la reli. Kwa abiria wa Dar es Salaam hiyo ilikuwa neema; kwa mtu wa Tanga lilikuwa jambo la kumeza na maji. Haikuwa mara ya kwanza kwake: Voi iliwahi kumchukulia kahawa, na sasa Ruvu ikamchukulia abiria.

Hata hivyo, katika mabadiliko yote ya njia hii, lile la 1963 ndilo ninalolipa heshima ya pekee. Mengine yote yalifanywa ili kitu kitoke nje, au ili jeshi liingie ndani. Lile ndilo la kwanza lililomwezesha mtu wa upande mmoja wa nchi kumtembelea mtu wa upande mwingine bila kupita baharini wala nchi ya jirani.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la reli la pamoja likafa nayo. Tukaunda Shirika la Reli Tanzania. Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka huo, ukafunguliwa tena mwaka 1983, lakini ile treni ya kuunganisha Moshi na Voi haikurudia hali yake ya zamani. Kisha, katika miaka ya 1990, treni ya abiria ya kaskazini ikasimama kabisa. Injini zilikuwa chache na zimechoka, mabehewa yamechakaa, lami imetandazwa kutoka Chalinze mpaka Moshi na Arusha, na mabasi yaliyoanza safari alfajiri yalifika kabla ya jua kutua. Mizani ilielemea upande mmoja. Wachache walilia.

Lakini ni nani hasa waliolia? Hapa, ndugu msomaji, ndipo nilipotaka tufike.

Sisi wa Dar es Salaam tunapoisema treni hii, twasema "treni ya Moshi", kana kwamba ni mali ya watu wa mwanzo na watu wa mwisho. Treni iliposimama, mtu wa Moshi alipanda basi. Mtu wa Same alipanda basi. Mtu wa Mombo na Korogwe, basi lilimpitia mlangoni. Kwa hao kukosa treni kulikuwa kubadili chombo tu. Lakini itazame tena ile ramani, kati ya Ruvu na Mnyusi. Hapo reli na barabara haziko pamoja. Barabara iko magharibi, reli iko mashariki, na kati yake kuna pori, mito na madaraja ya mashaka. Hapo kuna vituo kama Wami na Mkalamo, na vijiji kama Matipwili kando ya mto. Huko reli haikuwa ikishindana na basi. Reli ndiyo iliyokuwa basi, na lori, na kwa siku mbaya gari la wagonjwa.

Fikiri kituo cha namna hiyo wakati treni ipo. Karani wa stesheni ni mtu mwenye saa, na saa yake ndiyo saa ya kijiji. Mama ana debe la samaki wa mtoni au mikungu ya ndizi. Anajua siku ya treni kama ajuavyo siku ya mnada. Mwalimu mgeni anayehamishiwa shule ya kijiji hushuka hapo na godoro lake. Barua hushuka hapo. Mtoto aliyefaulu kwenda sekondari huondokea hapo. Treni ikikoma, kituo hakibomoki siku hiyo. Kwanza karani huhamishwa. Kisha mwenye duka huondoka, kwa sababu bidhaa alizoletewa na treni sasa lazima azifuate kwa baiskeli, au kwa pikipiki, na bei inapanda. Mwalimu hakubali tena kuja. Wakati wa masika njia ya miguu hujaa maji. Baada ya miaka michache wewe mjini unashangaa kwa nini ndugu yako wa huko amekaa kimya.

Na reli yenyewe, ikikaa bila treni, husahauliwa upesi kuliko tunavyodhani. Miti iliota kati ya mataruma. Mahali pengine watu walijenga vibanda na nyumba ndani ya eneo la hifadhi ya reli, na kipindi cha kufufua njia kilipofika ilibidi viondolewe. Kulikuwa na machozi, na sipendi kuyadharau. Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao treni iliacha kupita alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake treni iliporudi. Kwake yeye ile reli ilikuwa chuma cha kuanikia nguo.

Basi turudi kwenye ubishi wetu wa Desemba. Asemaye kwamba basi ni la haraka hakosei. Treni hii ni ya reli nyembamba ya zamani, ya mita moja, huondoka Dar es Salaam alasiri na kufika Moshi siku ya pili asubuhi, ikiwa hakuna lililoharibika njiani. Ukitazama saa peke yake, umeshindwa kabla ya kuanza. Lakini familia haisafiri kwa saa peke yake. Mtoto wa miaka minne hukaa katika basi kama mfungwa. Katika treni husimama, hutembea na baba yake mpaka behewa la chakula, huchungulia, hulala kwa kunyooka iwapo mmepata daraja la kulala. Bibi mwenye miguu ya kuvimba humshukuru Mungu kwa kila hatua anayoweza kupiga. Mzigo nao: mwenye magunia, au godoro, au cherehani ya kumpelekea mama, anajua mazungumzo anayokuwa nayo na utingo wa basi wakati wa sikukuu. Na mji wetu unaposhindania viti vya mabasi mwezi wa Desemba, kila behewa linaloondoka limejaa ni watu wengi waliopunguzwa katika msongamano wa stendi.

Atakayeamua kupanda, yampasa aende stesheni mapema aulize siku na saa, asitegemee alichoambiwa na jirani mwaka juzi, kwa maana ratiba ya njia hii imekuwa ikibadilika, na masika hukata reli mahali pengi. Achukue maji ya kutosha na chakula cha usiku. Achukue shuka: usiku wa chini ya Upare una upepo. Asiwaache watoto dirishani treni inapoondoka kituoni. Na awe na fedha ndogondogo, kwa sababu matunda na ndizi za dirishani havingoji chenji.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni la miaka ijayo. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kusafiri kati ya Dar es Salaam na Morogoro, mwezi wa Juni, na mwezi wa Julai ikafika Dodoma. Ni kazi kubwa, iliyoanza kwa jiwe la msingi mwaka 2017, na aliyewahi kulala njiani kwenda Dodoma kwa treni ya zamani hawezi kuidharau safari ya saa tatu na nusu au nne. Nami siidharau. Lakini hesabu vituo. Kati ya Dar es Salaam na Morogoro reli mpya ilijengewa stesheni za Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Reli ya zamani ilikuwa na vituo zaidi ya hivyo, Mikese na Kidugalo vikiwamo. Treni iendayo kilomita 160 kwa saa haiwezi kusimama kila penye muembe na kikapu cha maembe. Jambo hilo naliona. Mwendo huo una bei, na sehemu ya bei hiyo haimo katika tikiti: hulipwa na yule ambaye treni humpita.

Mpango wa reli mpya ya kaskazini, kutoka Tanga kwenda Arusha na hatimaye Musoma, umekuwa ukitajwa kwa miaka mingi. Siku itakapotandikwa, njia ya treni ya Moshi itahama tena. Tanga huenda ikarudishiwa heshima yake, jambo ambalo watu wa Tanga wamelisubiri tangu enzi za Voi. Lakini ikiwa reli mpya itaanzia Tanga, basi kile kipande cha 1963, cha Ruvu mpaka Mnyusi, kitabaki na kazi gani? Kitakapokosa abiria wa kwenda Moshi na Arusha, je, kutakuwa na treni ya kumfuata mtu wa Mkalamo na mtu wa Wami peke yao, hata ya behewa mbili, hata mara moja kwa juma? Hili ni swali la kuulizwa sasa, wakati michoro ingali karatasi. Mkutano wa hadhara wa kijiji unaweza kuliuliza, mbunge anaweza kuliuliza, na sisi wenye ndugu huko tunaweza kuwakumbusha kuliuliza.

Safu hii ingependa kusikia kutoka kwa wasomaji waliosafiri kwa njia hii zamani, hususa waliopanda treni ya Moshi kwenda Voi kabla ya mwaka 1977, au waliokuwa katika treni za mwanzo baada ya kufunguliwa kwa njia ya Ruvu mwaka 1963. Na kama kuna msomaji aliyezaliwa au kulelewa Mkalamo, Wami au Matipwili, huyo ningemtaka kuliko wote: atueleze miaka ile isiyo na treni watu wa kwao walikuwa wakipita wapi.